Joto la Mama ni Kazi ya Nyumba Nzima

Ndugu mfanyakazi, na wewe Mama unayelichukua gazeti hili Baba anapomaliza kulisoma,

Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi la mawe na breki za magari. Leo tunasema juu ya jambo ambalo halikuandikwa kwenye ubao wa usalama, lakini linaingia siku moja katika nyumba ya kila mfanyakazi: wakati mwanamke anapoacha kuona mwezi. Waganga wanauita menopozi. Nyumbani mara nyingi hauitwi kitu, unanyamaziwa tu.

Unaweza kuuliza: jambo hili lina nini na mgodi? Hesabu mwenyewe. Saa nane ya usiku Mama anaamka, nguo imelowa jasho, moyo unapiga mbio. Anasukuma shuka, anafungua dirisha, anatoka kukaa barazani. Baba naye anaamka. Wanabishana kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Saa kumi na moja Baba anapanda gari la kazi akiwa hakupata hata nusu ya usingizi wake. Saa nne ya asubuhi anasimama karibu na mashine ya kuponda mawe, na macho yanataka kufunga. Mashine haiulizi ni nani aliyekosa usingizi na kwa sababu gani.

Tena siku hizi si Baba tu anayepanda gari la kazi. Kuna Mama anayeendesha lori, Mama anayepima mawe maabarani, Mama anayepika katika kantini ya kambi. Huyo anabeba joto lake mwenyewe mpaka kazini.

Maoni yetu ni haya. Taabu nyingi za wakati huu zinaweza kupungua kwa kubadili desturi za kila siku. Lakini desturi za nyumba si mali ya Mama peke yake. Ukimwambia Mama abadili maisha yake, na wewe na watoto mkabaki vilevile, hukumsaidia. Umemwongezea kazi moja juu ya zile alizo nazo.

KWANZA TUELEWANE

Kukoma kwa damu ya mwezi si ugonjwa. Si laana, si uchawi wa mke mwenza, wala si alama kwamba mwanamke amekwisha. Vifuko vya mayai vinapunguza kazi yake, na homoni iitwayo estrojeni inashuka. Kwa wanawake wengi jambo hili linatokea kati ya miaka 45 na 55. Munganga anasema mwezi umekoma kweli miezi 12 ikipita mfululizo bila damu. Kabla ya hapo kuna miaka ya kuyumba: mwezi unakuja, unapotea, unarudi na nguvu, unapotea tena. Mwanamke ambaye mwezi wake umekoma kabla ya miaka 40 asingoje, aende kuonana na munganga.

Joto la ghafula linatoka wapi? Wewe fundi wa mashine utalielewa upesi. Katika ubongo kuna sehemu inayochunga joto la mwili, kama valvu ya usalama inavyochunga presha ya tangi. Estrojeni ikishuka, valvu hiyo inakuwa nyepesi kupita kiasi. Joto likipanda kidogo tu, inafunguka: damu inakimbilia ngozi ya uso, shingo na kifua, jasho linatoka, kisha baada ya dakika chache Mama anasikia baridi. Tangi si bovu. Valvu ndiyo inafunguka mapema.

Usimwambie Mama kwamba jambo hili litapita juma lijalo. Utafiti mkubwa uliofuata wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba nusu ya wale waliokuwa na joto la mara kwa mara walikaa nalo zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi wa kule ilikuwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo nyumba isijiandae kwa dhoruba ya siku moja. Ijiandae kama inavyojiandaa kwa majira ya mvua.

SI KILA JOTO NI MALARIA, SI KILA JASHO NI UMRI

Tuchukue mfano wa Wagenia, kule Kisangani, kwenye maporomoko ya mto Kongo. Mji uko karibu sana na mstari wa ekweta. Mvua inanyesha miezi yote, hewa ya usiku imejaa unyevu, na mbu hawana likizo. Mahali kama hapo, mwanamke wa miaka 49 akisema, "Nasikia mwili moto usiku," jibu liko tayari kinywani mwa kila mtu: malaria. Anakunywa vidonge bila kupimwa. Mwezi ujao joto linarudi, anakunywa tena. Fedha zinakwisha, tumbo linaharibika, masikio yanalia kwa sababu ya kinini, na joto liko palepale.

Desturi ya kwanza ya kubadili, basi, ni hii: PIMA KABLA YA KUMEZA. Nunua kipima joto cha mwili, kiwekwe mahali kinapojulikana. Joto la ghafula la menopozi linapita kwa dakika chache na halimfanyi mtu awe na homa ya kweli. Kipimo kikionyesha 38 ao zaidi, hiyo ni homa: nenda dispanseri, damu ichomwe kidoleni, upimwe malaria siku ileile. Usiseme "ni umri tu" ukabaki nyumbani.

Kuna jasho la tatu, na hili linahusu nyumba zetu za migodi kuliko nyumba nyingine. Vumbi la mawe linachosha mapafu, na mapafu yaliyojaa vumbi yanashikwa upesi na kifua kikuu. Baba akishikwa, anaweza kumwambukiza Mama kwa hewa ya chumba kimoja. Kifua kikuu nacho kinatoa jasho la usiku. Basi, jasho la usiku pamoja na kukohoa kwa majuma mawili ao zaidi, ao pamoja na kupungua mwili bila sababu, lisiitwe menopozi mpaka makohozi yamepimwa. Kifua kikuu cha kawaida kinapona kwa dawa za miezi 6. Kilichofichwa nyuma ya neno "umri" kinaua, tena kinaambukiza watoto.

MASHAURI YALIYOANDIKWA KWA MWINGINE

Karatasi nyingi za mashauri juu ya menopozi zinaanza kwa kusema: tembea dakika 30 kila siku. Ni shauri zuri kwa mwanamke anayeketi kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini mtazame Mama wa Wagenia. Wanaume wanapandisha mitego yao mikubwa ya kapu kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali. Samaki wakifika kando, kazi ya wanawake inaanza: kusafisha, kukausha juu ya moshi, kujaza beseni, kubeba beseni kichwani mpaka soko, kusimama, kurudi, kuteka maji, kutwanga sombe, kuwasha moto. Mtu huyu hakosi mazoezi. Anakosa kupumzika.

Hata waganga wenyewe wamepunguza maneno yao. Utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2014 haukuona kwamba mazoezi yanapunguza joto la ghafula kwa namna inayoonekana wazi. Mazoezi ni mazuri kwa moyo, kwa mifupa, kwa uzito na kwa usingizi. Mama anayeketi siku nzima nyuma ya meza ya kuuza sukari na sabuni atembee, ndiyo. Lakini tusimwambie mbebaji wa beseni kwamba dawa yake ni kutembea tena.

Ndiyo sababu tunasema kwamba shauri la kwanza kwa nyumba nyingi za wafanyakazi ni kugawa mzigo. Wewe uliyefika Wagenia umeona: mti mmoja peke yake, maji yanauchukua. Miti iliyosimikwa katika matundu ya mwamba na kufungwa pamoja kwa kamba za pori ndiyo inayobeba mitego. Mama wa miaka 50 akiachwa asimame peke yake katika mkondo, tusishangae akiyumba.

DESTURI 8 ZA KUBADILI

1. Daftari ya siku 14. Mama aandike, ao mtoto anayesoma amwandikie: saa gani joto lilikuja, alikuwa amekula ao kunywa nini, alikuwa wapi, alilala namna gani. Kwa mmoja ni pilipili, kwa mwingine bia, kwa mwingine moshi wa samaki ao hasira. Usikataze kila kitu kwa siku moja. Ondoa kile ambacho daftari imekionyesha. Daftari hiyo itamsaidia munganga vilevile.

2. Chumba cha kulala. Nguo ya pamba nyepesi, shuka ya pamba, kitambaa kikavu na maji ya kunywa karibu na kitanda. Katika hewa yenye unyevu jasho halikauki lenyewe: lipanguse, kisha jipepee. Ventilateri ni nzuri, lakini umeme ukikatika pepeo la mkono halikatiki. Tunasisitiza jambo moja: CHANDARUA KISIONDOLEWE. Wanawake wengi wenye joto wanatupa chandarua usiku kwa kuwa wanasikia kimewafunga. Kitundike juu zaidi, kiwe kipana, kisiguse mwili. Kukimbia joto la dakika tatu na kupata malaria ni biashara mbaya.

3. Kahawa na pombe. Kahawa ya nchi yetu ni tamu, lakini inywewe asubuhi. Ile ya jioni inakaa macho pamoja nawe. Pombe inaleta usingizi mzito mwanzoni, kisha inakuamsha katikati ya usiku ukiwa na joto na kiu. Lotoko tusiitaje kama kinywaji: hakuna anayejua ina nini ndani, na watu wamepoteza macho na maisha kwa ajili yake.

4. Tumbako. Mwanamke anayevuta anaacha kuona mwezi mapema kuliko asiyevuta, kwa mwaka mmoja ao miwili, na joto lake linakuwa kali zaidi. Na wewe Baba, moshi wako chumbani ni moshi wake.

5. Chakula. Baada ya mwezi kukoma, mifupa inapungua nguvu, na mwanamke anayeanguka na beseni anaweza kuvunjika kiganja ao nyonga. Samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana kalisi nyingi, na sombe nayo inayo, lakini itwangwe na kuchemshwa sana ili sumu ya muhogo itoke. Ongeza maharagi, karanga, matunda. Lituma na bugali vibaki mezani, kwa kipimo. Soya ni chakula kizuri, ila tusiiuze kama dawa ya joto: utafiti haukubaliani juu yake. Uzito uliozidi unaongeza joto. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, uliona kwamba wanawake waliopunguza uzito kwa kubadili chakula walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuona joto limekwisha.

6. Chumvi. Homoni ikishuka na miaka ikiongezeka, tansio, yaani presha ya damu, inapanda, tena bila kutoa sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Makayabu yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe kabla ya kupika. Mchemraba wa kuungia mchuzi umejaa chumvi, kwa hiyo ukiutia, usitie chumvi nyingine. Tansio ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa 140 kwa 90 ao zaidi, kipimo kirudiwe, na munganga aelezwe.

7. Moshi. Mahali pa kukausha samaki pawe wazi, upepo upite. Mama asikae juu ya moto saa nzima bila kubadilishana na mwingine. Kofia ya kazi inalinda kichwa cha Baba. Mahali penye hewa ndipo panapolinda mapafu ya Mama.

8. Misuli ya chini. Wanawake wengi wanaona mkojo unatoka wanapokohoa ao kuinua mzigo, wakaacha kwenda kanisani, msikitini na kwenye mikutano kwa sababu ya haya. Kuna mazoezi yasiyo na gharama. Kaza misuli ile unayoizuilia mkojo, hesabu mpaka tano, achia. Fanya mara 8, na urudie asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuacha. Unaweza kuyafanya ukiketi sokoni na hakuna atakayejua.

NENO KWA BABA

Ndugu yangu, tuzungumze sisi kwa sisi. Wenzetu wengi wanapoona Mama amebadilika, wanatafsiri vibaya. Anafunga mgongo kitandani, wanasema hapendi tena. Anakasirika kwa jambo dogo, wanasema ana kichwa kigumu. Anatoka nje usiku, wanaanza kuuliza anakwenda kwa nani. Kisha wanatafuta nyumba ya pili, na mshahara ambao ulikuwa mfupi kwa nyumba moja unakatwa vipande viwili. Watoto wanafukuzwa shule kwa sababu ya deni, na mtu analaumu umri wa mke wake.

Jua jambo hili. Estrojeni ikishuka, ngozi ya ndani ya mwanamke inakuwa kavu na nyembamba. Kukutana kunaweza kumwumiza kama kidonda kinachoguswa. Hakukuchukia, anaumia. Msaada upo: kutokuwa na haraka, na mafuta laini yaliyotengenezwa kwa maji, yanayouzwa famasi. Majani, mawe na unga wa kukaushia ambao baadhi ya wanawake wanautia ndani ili kumpendeza mume, ni hatari wakati wote, na wakati huu ni hatari zaidi: vinapasua ngozi na kufungua mlango kwa magonjwa, na virusi vya UKIMWI pamoja navyo. Wewe mwenyewe umwambie kwamba huhitaji vitu hivyo. Akisikia kwa kinywa chako, ataacha.

Tena usifikiri kwamba mwezi ukipotea miezi mitatu, mimba haiwezekani. Inawezekana. Mwanamke aliyepita miaka 50 aendelee kujikinga mpaka miezi 12 ipite bila damu. Aliye chini ya miaka 50, mpaka miaka miwili.

Nawe unayefanya kazi mbali, unayekaa kambini majuma mengi na kurudi nyumbani kwa siku chache, usirudi kama mgeni wa kupikiwa. Uliza: "Mama, unalala namna gani siku hizi?" Sentensi hiyo haina bei. Kisha teka maji. Twanga sombe, ao mpe kijana wako mchi, maana mchi haujui mvulana wala msichana. Beseni zito liwekwe mawili mepesi, ao lipakiwe kwenye baiskeli. Mama apate saa moja ya mchana ya kulala, na mtu yeyote asimwamshe. Ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja, utaona wewe pia unalala.

NENO KWA SHEFU WA EKIPI NA DISPANSERI

Kampuni za migodi za nchi hii zimeanza zamani kuhesabu afya ya mama. Katika miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilipoanza kutaka wafanyakazi wakae kambini na bibi zao, ilijenga nyumba za kuzalishia na ikapima uzito wa watoto. Ilikuwa faida kwa wengi. Lakini hesabu yake ilikuwa ya watoto, kwa maana mtoto wa leo alionekana kama mfanyakazi wa kesho. Wazo hilo bado linakaa katika vichwa vyetu: fishi ya mwanamke inafunguliwa na mimba ya kwanza na inafungwa na mtoto wa mwisho. Baada ya hapo anakuja dispanseri akishika mtoto ao mjukuu, na hakuna anayemwuliza, "Na wewe mwenyewe?"

Sisi tunaona kwamba fishi hiyo ifunguliwe tena miaka 45 inapofika. Si jambo la gharama kubwa. Tansio ipimwe, uzito uandikwe, usingizi uulizwe, mlango wa uzazi uchunguzwe. Kipimo cha mlango wa uzazi kwa siki ni chepesi, jibu linapatikana palepale, na kinaonyesha mabadiliko kabla hayajawa kansa. Kisingoje miaka 45: Shirika la Afya Duniani linataka wanawake waanze kupimwa tangu miaka 30.

Kwa shefu wa ekipi: mwanamke wa miaka 50 aliye kwenye usukani ao kwenye jua anahitaji maji ya kunywa karibu, nguo ya kazi ya pamba inayopitisha hewa, choo kisicho mbali, na ruhusa ya kusema "sikulala" bila kuchekwa. Tunamfundisha kila mfanyakazi aseme breki zikiwa mbovu. Kwa nini tumfundishe anyamaze mwili wake ukichoka?

DALILI ZISIZONGOJA

Mama, desturi nzuri zinasaidia mambo mengi, lakini kuna mambo ambayo hazisaidii. Usikae nyumbani na dawa za majani ukiona hivi:

– Damu yoyote inayotoka baada ya miezi 12 bila mwezi, hata tone moja, hata mara moja. Si "mwezi umerudi" wala si "ujana umerudi". Inaweza kuwa kansa ya mlango wa uzazi ao ya mfuko wa uzazi, na ikigunduliwa mapema matibabu yana nguvu zaidi.

– Damu nyingi kupita kiasi katika miaka ya kuyumba, inayokuacha na kizunguzungu na mikono mieupe.

– Damu baada ya kukutana na mume, ao maji yenye harufu mbaya.

– Uvimbe katika ziwa.

– Maumivu ya kifua, ao pumzi kukatika unapopanda mteremko uliokuwa ukiupanda bila shida.

– Huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili, ao mawazo ya kwamba afadhali kufa. Hilo nalo lina matibabu. Mwambie mtu leo.

Na ikiwa joto limekuwa kali mpaka huwezi kulala wala kufanya kazi, ujue kwamba dawa za homoni zipo, na dawa nyingine zisizo za homoni zipo vilevile. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliogopesha dunia nzima juu ya homoni. Baadaye waganga walitazama hesabu upya, na sasa wanasema kwamba kwa wanawake wengi wenye afya walio chini ya miaka 60, ao ambao mwezi wao haujapita miaka 10 tangu ukome, faida inaweza kushinda hatari. Aliyewahi kuwa na kansa ya ziwa ao damu iliyoganda katika mshipa, njia yake ni nyingine. Mambo haya yanapimwa na munganga. Vidonge vya rangi vinavyouzwa bila karatasi kwenye meza ya soko, na vile anavyokugawia jirani kwa upendo, uviache.

KWA KUMALIZA

Mama aliyezaa, akalea, akabeba beseni na kuchunga mshahara wa Baba usimwagike, hakufika mwisho wa njia siku mwezi wake ulipokoma. Wengi wana miaka 20 ao 30 mbele yao. Ni miaka ya kushauri, ya kufanya biashara na ya kucheka na wajukuu, ikiwa mwili utachungwa.

Jumapili hii kaeni pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Chagueni desturi mbili tu katika zile nane, moja ya Mama na moja ya nyumba nzima. Ziandikeni kwenye karatasi, bandikeni ukutani karibu na kalenda. Baada ya siku 14 mfungue daftari na mtazame.

USALAMA UNAANZA NYUMBANI.
PIMA KABLA YA KUMEZA.
MZIGO WA MAMA UKIGAWANYWA, NYUMBA NZIMA INALALA.